Kamba Mwekundu Kwenye Bakuli la Supu

Mkwe wangu Hsin-ling,

Nimekwenda sokoni. Uji wa mchele umo sufuriani. Tafadhali usipulize dawa ya mbu karibu na matangi, kamba wangu wa mapambo watakufa wote.

Jana nilikufokea kwamba umenipotezea kamba mwekundu mwenye mayai, niliyempata baada ya miaka sita ya kuzalisha na kuchagua wenye rangi nzuri. ~~Samahani kama ulikasirika.~~ Samahani. Asubuhi nimemkuta hai kwenye bakuli lako la supu, akiogelea katika maji ya tangi. Mumeo ameniambia ulimtoa kwenye ndoo ya wabovu wa kutupwa, niliyoijaza mwenyewe bila miwani, ukanyamaza nisiaibike.

Asante sana, mwanangu. Mayai yakianguliwa, wewe ndiye utakayechagua wa kubaki. Mimi nitakushikia ndoo.

Babamkwe wako, mwenye domo