Mpini Uko Kushoto

Chwele
Novemba 8, 2004

Kwa Mjomba Hesbon,

Salamu nyingi kwako na kwa watu wote wa nyumba yako. Natumaini mko wazima, na lile goti lako limepoa. Sisi huku tuko salama, ni mvua tu inatusumbua, mahindi yanataka kuota yakiwa bado shambani.

Mjomba, sizunguki. Sharif, yule anayebeba vitunguu vyetu kuleta Kitale, alipita kwenye maonyesho ya kilimo. Anasema alikuona umesimama na mashine sita za kupukuchua mahindi, utepe mwekundu kifuani, na kibao: "Imebuniwa na H. Wekoye, Kitale." Alizungusha moja. Anasema mpini uko upande wa kushoto. Zote sita.

Sasa ile mashine yangu niliyoacha kwa karakana yako mwezi wa sita, unichomelee beringi, ndiyo hiyo? Niliihangaikia miaka miwili, na cheni za baiskeli kuukuu na kipande cha bomba. Niandikie uniambie Sharif aliona vibaya. Nitaamini.

Ni mimi mtoto wa dada yako,
Jentrix

Kitale
Novemba 19, 2004

Jentrix mwanangu,

Barua nimepata, na goti linaendelea vizuri, asante. Msalimie dada yangu.

Sharif hakuona vibaya. Lakini wewe mtoto, hasira ya nini? Wazo si ng'ombe, halina alama kwa ngozi. Wazo ni kama moto. Jirani akichota kaa kwako, ugali wako utakosa kuiva? Na hata wewe, baiskeli si uliikuta duniani? Hayo meno ya mashine umetoa kwa ubao wa misumari aliopukuchulia nyanya yako, mimi nimekua nikiuona. Wewe ulikuwa na mashine moja ya kijijini. Mimi nimeipeleka kwa watu. Nilipima kila kitu kwa tepu, nikaifuata hivyo hivyo, hata rangi.

Sasa sikiza. Nimepeleka karatasi Nairobi, mashine iandikishwe kwa jina langu. Kwa hivyo acha kuzitengeneza huko Chwele, nisije nikaaibishwa na mtoto wa nyumbani. Na usisahau mimi ni khocha wako, kaka ya mama yako. Mdomo wa khocha hulaani, hauchezewi.

Mjomba wako,
Hesbon

Chwele
Novemba 24, 2004

Mjomba,

Salamu. Mama anakusalimia, barua yako nimemsomea.

Umesema moto. Haya, tuseme moto. Anayeomba moto hupiga hodi, Mjomba. Husimama mlangoni na kigae chake akangoja. Na sijawahi kusikia mtu amechota moto kwangu, halafu ananiandikia nizime jiko! Kuhusu Nyanya, ni yeye mwenyewe alinionyesha ule ubao, nikiwa nimekaa kando yake. Kila anayeniuliza meno nimetoa wapi, namtaja yeye. Hata mteja mwenye haraka lazima amsikie kwanza.

Ati niache? Siachi. Siku ya soko iliyopita nilitoa mashine nyingine niliyotengeneza nje ya kibanda, nikaifungua vipande vipande mbele ya watu. Pauline wa Sirisia alichora kila kitu kwa daftari la mtoto wake. Kiplangat alishuka kutoka mlimani na nduguye. Wote walipiga hodi. Sikuwaficha kitu. Niliwaambia jambo moja tu: mkiulizwa, semeni ni ya Jentrix wa Chwele.

Nairobi wakuandikie jina lako, wataandika kitu ambacho soko zima linajua ni uongo. Na kama kuna laana, ilete. Niko hapa hapa.

Mtoto wa dada yako,
Jentrix

Kitale
Januari 17, 2005

Jentrix mwanangu,

Heri ya mwaka mpya, hata kama imechelewa. Habari ya Mama? Goti limerudi tena kuuma.

Kuna afisa alikuja kutoka ile ofisi ya Nairobi, anaitwa Kiptanui. Akaniambia nizungushe aone. Sasa mimi nazungusha na mkono wa kulia, kama watu. Mkono unapita juu ya mdomo wa mashine, unagonga mahindi, yanamwagika. Yalimwagika kwa viatu vyake. Akaniuliza, mbona mpini uko kushoto? Nikasema ni ufundi. Ufundi gani? Nikainama kuokota punje, bana. Fundi wa miaka thelathini, naokota mahindi kama mtoto wa shule.

Ameniachia fomu. Kuna mahali pa kueleza sababu ya kila kipande. Nimekaa nayo wiki mbili. Niambie hiyo moja tu. Haya si ni mambo ya nyumbani?

Mjomba wako,
Hesbon

Chwele
Januari 24, 2005

Mjomba,

Salamu, na umpe pole mwenye viatu. Nilicheka mpaka Mama akatoka jikoni.

Kweli umesahau? Nilipokaa kwako nikiwa darasa la pili, kila tukiketi kula ulinifunga mkono wa kushoto na kamba ya mkonge. Ulisema ni mkono wa mikosi, hautafanya kitu cha maana. Nikawa nakula na ule mwingine, namwaga mboga, na unanichapa kwa kumwaga. Iliniuma, Mjomba. Bado inaniuma.

Mkono huo ndio umeshika nyundo miaka miwili. Mpini uko pale kwa sababu mkono wangu uko pale. Ungepiga hodi ningekwambia, tena ningekuonyesha namna ya kuuhamisha. Ni boliti nne.

Haya, sababu umepata. Iandike kwa fomu, kama unaweza.

Jentrix, mtoto wa dada yako

Kitale
Machi 30, 2005

Jentrix mwanangu,

Nimekawia. Kibao nimeking'oa. Fomu bado iko tupu.

Hodi.

Mjomba wako,
Hesbon

Chwele
Aprili 4, 2005

Mjomba,

Karibu. Kuja siku ya soko, Mama amesema atachinja kuku. Rudisha mashine yangu, na hiyo fomu usiisahau.

Kalamu nitashika mimi. Wewe utakaa mbele yangu, uangalie ni kwa mkono gani.

Mtoto wa dada yako,
Jentrix