Nuru, Binti wa Malaika Aliyeandikiwa Ukoo wa Mama

Kilosa, Jumatatu. Manyunyu tangu alfajiri, na mimi nina furaha isiyolingana na umri wangu.

Kwa wananchi wote wa Kilosa mjini, Mikumi na vitongoji vyake: mnaarifiwa kwamba jana, majira ya saa tisa alasiri, binti mmoja mwenye damu ya malaika alikataa kuchukuliwa na baba yake kwenda mbinguni. Hakuna aliyejeruhiwa. Mali iliyoharibika ni soda moja ya chungwa. Serikali haijatoa tamko.

Shajara, wewe unanijua. Mimi ni fundi cherehani wa miaka hamsini na tatu, mwenye kitambi na mgongo unaolalamika. Binti huyo wa malaika ni mimi. Yaani, nilimcheza mimi.

Nieleze vizuri, maana hata wateja wangu leo wamenitazama kwa huruma. Mpwa wangu Stella, mtoto wa dada yangu Agnesi, anapokea wageni kwenye hoteli moja ndogo kule Mikumi. Jumapili mchana, wageni wakiwa mbugani wanatafuta simba, yeye na wenzake hukaa kwenye meza ya nyuma ya jiko wakacheza mchezo wa hadithi. Kila mchezaji anabuni mhusika wake, anamwandika kwenye karatasi, nguvu zake na udhaifu wake, halafu anasema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa gumu, unarusha dadu yenye pande ishirini. Namba kubwa umefanikiwa, namba ndogo umeaibika. Stella ndiye msimulizi: nchi yote, mashetani yake, na kila mtu ambaye si wetu, anavibeba yeye kichwani.

Miaka miwili ameijenga nchi ile. Ramani yake ameichora kwa mkono, karatasi nane zilizounganishwa kwa gundi.

Na ilikuwa inamfia mikononi.

Mwaka huu aliamua mashujaa wote wawe na damu ya malaika, mzazi mmoja mtu, mwingine wa mbinguni. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba kila mtu alileta malaika yuleyule: mrefu, mzuri, mabawa meupe, hakosei, haogopi. Hadithi ikakosa pa kushika. Wachezaji wawili wakaacha kuja. Alhamisi akanipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama."

"Mjomba, Jumapili njoo ujaze kiti. Isiponoga safari hii nakunja ramani, dadu namgawia mtu. Nimechoka kubembeleza watu wazima wacheze."

Alisema huku anacheka, lakini mimi namjua tangu hajaota meno. Hakuwa anacheka.

Basi nikajipinda. Siku mbili, kati ya mteja na mteja, nikaandika kurasa nne. Nikambuni binti, nikamwita Nuru. Naona haya kukueleza alivyokuwa. Sauti kama filimbi, macho kama nyota, hasinzii, hakasiriki. Mabawa yake niliyaeleza mpaka pindo, maana ndiyo kazi ninayoijua. Kwenye basi la kwenda Mikumi nilijisomea kimoyomoyo, nikajiona mtunzi.

Mezani walikuwa wamebaki wawili. Upendo, mpishi wa pale, na Masanja, dereva wa magari ya watalii, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Mvumi na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo. Wakanipa shikamoo zao, nikaitikia, nikasimama, nikasoma.

Ukurasa wa pili Upendo akainua mkono kama yuko darasani. "Baba, samahani. Huyu chooni anaenda?"

Masanja alikuwa ameshatoa simu. Kidole gumba cha Stella kilikuwa kimekaa kwenye mkunjo wa ramani.

Sijawahi kuharibu kitambaa cha mtu nikajisikia vile.

Nadhani ni kwa heshima tu kwamba Masanja aliipokea karatasi yangu ya mhusika kwa mikono miwili, akaipitia mpaka chini. Akasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Mzee, hapa kwenye ukoo umeandika nini?"

Stella alikuwa ameweka pale koo tatu za mbinguni, uchague moja: ya Moto, ya Mvua, ya Mizani. Sikusoma maelekezo. Niliona neno "ukoo", mkono ukajiandikia wenyewe, kama ambavyo mkono wa Mkaguru yeyote ungefanya. Niliandika ukoo wa mama yake, wa Mvumi. Mkubwa wa ukoo: mjomba Chedego, mkulima wa mahindi.

"Sasa baba malaika umemwacha wapi?"

"Baba ni mgeni," nikamwambia. "Kwetu mtoto ni wa kwa mama yake. Wa kuulizwa ni mjomba."

"Kwetu ni wa baba," Masanja akasema, na simu akailaza kifudifudi mezani. "Lakini baba aliyetoa ng'ombe. Huyu malaika alitoa wangapi?"

"Hata mkia hakuleta."

"Basi huyo hana mtoto. Aende zake."

"Kwa hiyo kaja na mwanga mwingi, kaacha mimba, huyoo juu," Upendo akadakia. "Wa namna hiyo nawajua. Mabawa tu ndiyo hawana."

Kidole gumba kikaondoka kwenye ramani.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili tangu jana, ngoja niliandike kabla halijapotea. Mabawa yanakwambia mtu anaweza nini. Hayakwambii nani atanuna. Mwenye damu ya malaika anavutia pale anapopaswa kuishi na watu: nani anamdai, nani anamwogopa, nani anamtuma dukani. Mbingu kila mtu anaijaza sifa zilezile. Nyumbani ndiko hakufanani.

Tukamfumua Nuru, tukamshona upya kwa nusu saa. Hawezi kusema uongo, kwa hiyo nyumbani hawamtumi kuuza mahindi gulioni, maana anawaambia wanunuzi gunia lipi lina dumuzi. Kila mbuzi akiumwa anaitwa yeye, hata awe katikati ya kula. Bawa limeota moja tu, dogo kama la kuku, masika linamwasha, analifunika kwa khanga. Wazee wa kijiji hawajaamua kama wapokee shikamoo yake au wampe. Bibi mmoja anampa kwa mbali, ili awe salama pande zote.

Masanja akachana karatasi yake ya zamani. Shujaa wake mpya, baba yake malaika alitoa ng'ombe kweli, arobaini, weupe, wazuri ajabu, ila hawazai, na kesi ya mahari haijaisha mpaka leo. Wa Upendo anaogopa kupanda hata ngazi. Stella alikuwa anaandika haraka kuliko ninavyoshona, na mimi nina cherehani ya umeme.

Saa tisa alasiri akamshusha baba yake Nuru kutoka juu, kaja kumchukua binti.

Habari ninayoisambaza dukani tangu asubuhi ni kwamba Nuru alisimama, akatoa hotuba ya moto, malaika akageuza. Kuna mama alileta zipu tu ya kubadilishwa, ameisikia hotuba yote.

Sasa ukweli, maana hapa sina mteja.

Nilirusha dadu, nikapata tatu. Kwa kanuni za Stella, tatu maana yake Nuru alishindwa, miguu yake ikaacha ardhi. Nilirukia dadu niombe kurusha tena, ndipo nikaimwaga ile soda kwenye ramani. Na hotuba sikuwa nayo. Mtu mwenye kurasa nne hakuwa na neno hata moja.

Stella akasema, "Mjomba mtu ana haki ya kusema," na akaanza kusema yeye, kwa sauti ya mjomba Chedego. Mabega akayakunja. Akashusha puani miwani ambayo hana. Akakohoa kidogo kabla ya kila sentensi. Masanja akanitazama, akang'ata mdomo. Upendo hakung'ata kitu, alicheka waziwazi.

Alikuwa ananiiga mimi.

Huyo mjomba hakupigana na malaika. Alimpa kigoda. "Karibu, shemeji. Umechelewa miaka kumi na minane, lakini karibu." Akamuuliza binti anaumwa nini masika yakifika. Malaika hakujua. Akamuuliza anaogopa nini. Hakujua. Kisha, bado kwa sauti yangu, Stella akasema:

"Alipoanza shule nilimshonea sare kubwa mno, wenzake wakamcheka. Kitambaa cha kushona mbili sikuwa nacho, ile moja ilibidi imfikishe darasa la nne. Kila Januari nilishusha pindo. Wewe, Januari ulikuwa wapi?"

Kwenye nchi ile ya ramani hakuna shule wala sare. Hakuna aliyemkumbusha.

Baba yake Stella atakuja "mwezi ujao" tangu mtoto anatambaa. Na ile sare, shajara, mimi sijawahi kuitaja mbele yake. Miaka yote nilidhani anachokumbuka ni kicheko cha wenzake.

Malaika akabaki kwenye kigoda, kainamisha kichwa. Stella akanigeukia, kwa sauti yake mwenyewe sasa. "Nuru anafanya nini?"

Nilivua miwani nikaifuta. Ilikuwa safi. Nikasema, "Anabaki kwa mjomba wake."

Huo ndio ushujaa wangu wote. Meza ile aliiokoa msimulizi wake, mimi nilileta kosa tu na soda.

Hakuna aliyeinuka mpaka wageni waliporudi na vumbi lao wakaanza kugonga kengele mapokezi. Masanja akawapigia wale wawili walioacha kuja, akawafokea. Wanarudi. Ramani imeanikwa kwenye kamba ya nguo, na Stella amesema haikunjwi.

Kesho nafunga duka mapema, naenda Chanzuru kumweleza dada Agnesi alichofanya mtoto wake mbele ya watu. Nitamwambia nilirusha tatu, na kwamba aliyesema yote ni binti yake. Hilo la kufuta miwani bado nalifikiria.