Kipande Cheupe cha Mnyuzi

Jumatatu, 15 Julai 1968
Wiki ya tatu hapa Mnyuzi, nachekecha udongo wa shimo la vitu vya kale. Mgongo! Afadhali hapa lakini, kuliko kukaa bure kambini tangu watupunguze kazini kwenye brashi, mashine ya kusafisha nyuzi za mkonge. Leo ndugu Simeo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu anayesimamia shimo, kaniita nione vipande vya mawe meupe alivyovipanga juu ya gunia. Anasema ni kazi ya watu, watu kamili kama sisi, zamani sana kabla ya chuma. Kwangu changarawe tu. Akanionyesha kovu dogo ukingoni — hapa ndipo lilipopigwa. Sasa nayaona makovu hayo kila mahali, hata njiani kurudi nyumbani!

Alhamisi, 18 Julai
Nimejaribu. Wenzangu wanakula, mimi nyuma ya rundo la udongo. Kokoto nyeupe ya mtoni mkono wa kushoto, jiwe la mviringo mkono wa kulia. Nikapiga katikati — ikasagika. Nikapiga ukingoni, kwa kuinamisha — paa! Kipande chembamba, kikali kama wembe. Kimenikata kidole gumba. Mzee Hiza, mwenye shamba tunalochimba, akaona damu, akauliza nimekatwa na nini. Koleo, nikasema. Uongo wa nini? Aibu tu. Mtu mzima kucheza mawe.

Jumatatu, 22 Julai
Cha leo kizuri! Nimekigonga kidogo kidogo pande zote mbili mpaka kikachongoka kama ncha ya mkuki. Nikawaza: na wao, watu wa zamani, walikaa hivi hivi. Labda mwanamke, mguu mmoja kaunyoosha, vipande vya jiwe vikimdondokea pajani. Mzee Hiza akaniita kwa sauti. Nikakitupa kwenye udongo usiochekechwa, nikakimbia.

Jumanne, 23 Julai
Balaa.
Simeo kapiga ukelele, tukadhani nyoka. Kumbe ameshika kipande changu! Anasema hajawahi kuona kizima namna hii, makali kana kwamba kimechongwa jana. Nikafungua mdomo niseme. Yeye anafuta machozi. Mwenyekiti wa kijiji alitupa muda mpaka mwisho wa mwezi: pasipopatikana kitu cha maana, shimo linafukiwa, pamba ya ujamaa inalimwa juu yake. Sasa hawatalima, Simeo anasema. Nikafunga mdomo.

Jumatano, 24 Julai
Simeo amepeleka simu ya maandishi posta. Mwalimu wake, daktari wa mambo ya kale, anakuja Jumamosi kutoka Dar. Kipande kimewekwa kwenye boksi, kimezungushiwa pamba, kimeandikwa namba. Mungu wangu.

Ijumaa, 26 Julai
Nimemwambia Mzee Hiza. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, mama Efrazia, usimwache kijana wa watu akaaibike mbele ya mwalimu wake. Na asisikie kwa mtu mwingine, asikie kwako.
Na shimo je? Na kazi yangu?
Akasema shimo ni shimo.

Jumamosi, 27 Julai
Naandika hapa hapa, juu ya gunia. Nimemwambia asubuhi hii. Hakuamini. "Mama, hiki kina miaka mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu." Nikachukua kokoto, nikapiga. Ya kwanza ikaharibika, ya pili pia. Ya tatu ikatoa kipande, nikakigonga pande zote mbili mpaka kikachongoka, nikampa.
Alikiweka kando ya kile cha boksi. Akakaa chini, vumbini, na suruali yake safi. Nilingoja matusi.
"Nani alikufundisha?"
"Vipande vyako. Kila kimoja kinaonyesha kilipopigwa."
Akainama, mikono kichwani. Halafu akasema miaka miwili anasoma habari za mawe haya, amejaribu mara nyingi, hajatoa hata kimoja.
Nikamwambia anisamehe. Alibandua ile namba kwenye boksi.

Gari limefika. Daktari ameshuka, mwenyekiti yuko nyuma yake. Daktari anauliza kwa furaha, kiko wapi, Simeo? Simeo ameinama kwenye ndoo ya kokoto, anachukua moja, anaipima kiganjani, ananitazama — nikatikisa kichwa, ina ufa — anairudisha, anachukua nyingine, nzima hii, ananikabidhi nipige mbele ya daktari.