Nimemnunulia mke wangu mashine kubwa ya joto, naye amehamia kwa dada yake

Mshauri mpendwa Bi Clélie,

Naomba msaada wako, ingawa kusema kweli anayehitaji kusaidiwa ni mke wangu Azélie, mimi sina tatizo. Kalamu na mimi hatukuzoeana, shule niliiacha darasa la nne nikaenda kukata miwa, lakini nimeona jambo hili nisilitume kwa mdomo wa mtu, maana hapa kwetu kando ya mto wa Bayou Teche neno likitoka mlango wa mbele linarudi mlango wa nyuma limeshaota mkia.

Naitwa Télesphore Dugas, nina miaka sabini na sita, na arobaini na moja kati ya hiyo nimekuwa mkuu wa boila kwenye kinu cha sukari, kwa hiyo mambo ya joto mtu asinifundishe. Nyumba yetu ilikuwa na tanuri la gesi la sakafuni, lile linalokaa chini ya wavu wa chuma pale koridoni, na watoto wetu wote watano wamekua wakisimama juu yake asubuhi za Januari mpaka magauni ya kulalia yanajaa hewa kama puto. Baridi ya kwetu ni wiki mbili tatu kwa mwaka, siku zilizobaki tanuri linakaa tu chini ya nyumba linakunywa unyevu, na baada ya mafuriko ya mwaka juzi kutu ikalimaliza, ikabidi libadilishwe.

Akaja fundi, binti mmoja wa akina Batiste, anaitwa Renella. Akasema siku hizi watu hawaweki tena tanuri, wanaweka mashine moja inayopuliza joto Januari na ubaridi miezi mingine yote. Sawa. Kisha badala ya kuuza mashine akatoa futi kamba, akapima madirisha, akapanda darini, akaandika weee, akashuka na kusema, "Mzee Dugas, nyumba yako inatoshwa na ya tani mbili." Mashine hizi ukubwa wake wanaupima kwa tani, usiniulize kwa nini. Nikamwambia, "Binti, tani mbili ni za banda la kuku." Akasema, "Ikizidi ukubwa haikai ikafanya kazi, mzee. Itakuachia maji ndani." Nikamuuliza yeye amezaliwa lini. Akakunja futi kamba yake akaondoka, nami nikatafuta mtu mwingine asiyetembea na futi kamba, akaniwekea ya tani tano, na nakwambia kutoka hapa hadi barabara kuu hakuna nyumba ya mtu yenye kitu kama kile, ikiwaka mbwa wa jirani wanasimama.

Sasa sikia maajabu. Mashine inanguruma, dakika tano nyumba imeshapoa, inazima. Lakini shuka ni mbichi, chumvi imekuwa jiwe, milango imevimba, viatu vyangu vya misa vimeota ukungu wa kijani, na Azélie, ambaye kifua kilikuwa kinambana kidogo tu tangu zamani, akakohoa kuanzia Juni mpaka Septemba. Nikaongeza ubaridi ili pakauke, kuta zikatoka jasho. Rafiki yangu Ovey alikuja tucheze karata, karata zikagandana mikononi, akasema, "Tel, humu mnaishi au mnafuga vyura?" Nikamwambia kwake hata chura angehama kwa joto. Azélie hakucheka.

Jumapili hiyo akafungasha. Nikamwambia, "Mama, unaniacha kwa ajili ya viatu?" Akasema, "Télesphore, sijakuacha. Naenda mahali ninapoweza kupumua. Siku ukiliondoa hilo dude, nitarudi." Hii ni wiki ya tano yuko kwa dada yake Philomène, kwenye nyumba yenye kimashine kama sanduku la mkate, aibu tupu.

Watu hawajui kwa nini nilitaka kubwa. Ule mwaka wa barafu, mabomba yalipopasuka na gesi ikakatika, Azélie alilala siku tatu koti juu ya koti, meno yanagongana, na mimi, mkuu wa boila, nimekaa pembeni yake sina la kumfanyia. Nikaapa moyoni kwamba maadamu niko hai hatatetemeka tena. Hilo sijamwambia, si jambo la mwanamume kulisema. Na kinuni sijapata kuona boila lililozidi ukubwa.

Kwa hiyo umwandikie gazetini, maana anakusoma kila Alhamisi, umwambie mume wake amefanya jambo la kiume na arudi nyumbani. Baridi ya kwanza iko njiani, na gumbo la siku hiyo, ule mchuzi wetu mzito, hakuna mwingine wa kulipika.

Ni mimi,
Télesphore Dugas, mkuu wa boila mstaafu

*

Mzee Dugas,

Azélie anaisoma barua yako sasa hivi, yeye na wilaya nzima, kwa hiyo nusu ya ombi lako imetimia. Nusu nyingine sitaitimiza, kwa sababu mwenye kosa ni wewe.

Moyo wako nimeuona, na si mdogo. Lakini kinu si nyumba, mzee wangu. Kinu kinatafuta mvuke. Nyumba za kwetu mvuke zinaupata bure kuanzia Aprili, na kazi kubwa ya mashine ni kuukamua, taratibu, tone kwa tone, kwa muda mrefu. Yako inaipoza nyumba kabla haijaanza kukamua, inazima, maji yanabaki palepale, ukungu unashiba. Ukizidisha ubaridi, kuta zinalowa kama glasi ya chai ya barafu. Yote haya binti wa Batiste alikueleza ukiwa umesimama sebuleni kwako, ukamjibu kwa kumuuliza tarehe ya kuzaliwa. Mkeo alitetemeka siku tatu. Tiba yako imemkohoza miezi minne. Na barafu ikirudi na umeme ukakatika, tani tano zitanyamaza sawasawa na tani mbili, siku hiyo dawa ni blanketi na wewe uwe chini yake.

Kesho asubuhi mpigie Renella. Usimtume mwanao, piga mwenyewe. Sema "nilikosea", halafu funga mdomo, apime anachotaka kupima, hata kabati la viatu, na atakachosema ndicho kiwekwe. Dude lako usilitupe. Waulize wa ukumbi wa dansi wa parokia, watu mia mbili wanacheza pale Jumamosi wakitiririka jasho, huko ukubwa wake una maana, na ukitaka kujisifu simama mlangoni. Mashine mpya ikishafungwa, godoro la upande wake, lililokunywa unyevu wote huo, lichomwe, lije jingine. Kuta uzioshe wewe, kitambaa puani, si mabinti zako. Gumbo nalo ujaribu. Mtu aliyelisha boila miaka arobaini na moja hawezi kushindwa kusimama saa nzima akikoroga unga kwenye mafuta.

Lakini kwa Philomène usingoje mpaka mashine ifungwe. Nenda leo, na njiani uyasahau mambo ya tani. Kile kiapo alipaswa kukisikia kutoka kwako, sasa amekisoma gazetini kama tangazo la mnada, basi ukirudie kwa mdomo wako hata kama masikio yatawaka moto. Ila usianze nacho. Umeniandikia ukubwa wa mashine, umri wako, cheo chako mara tatu, mpaka hali ya chumvi. Kifua cha Azélie kikoje leo, baada ya wiki tano kwa dada yake, hukuandika, na nadhani ni kwa sababu hujui. Gonga mlango, vua kofia, uulize hilo kwanza.