Ufa kwenye Furungu la Zaina

Mtaa wa Dunda,
Bagamoyo,
9 Septemba, 1954

Mpendwa mdogo wangu Alawi,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako imefika, marahaba. U hali gani, na baridi ya huko Kampala imekiachia kifua chako? Sisi ni wazima wa mwili, alhamdulilahi, lakini mimi yamenifika shingoni.

Furungu la Zaina binti Sadallah, lile pambo la fedha la mguuni Baba analomfulia kwa harusi yake, limepasuka tena, na harusi ni mwezi ujao. Kwanza Baba alisema muuza fedha kamchanganyia takataka, akamtukana mbele za watu. Halafu akasema ni husuda ya jirani. Tumefukiza ubani mpaka kanga zangu zote zanuka, na fedha inapasuka vilevile.

Barua yako nilimsomea yote. Kwamba chembe za fedha zimejipanga safu kwa safu kama watu msikitini, na hakuna fedha isiyo na kasoro: hapa pengo, pale safu imekatika katikati. Kwamba nyundo huzizidisha kasoro hizo mpaka zikasongamana, fedha ikawa ngumu na kupasuka, na dawa yake ni kuipasha moto iwe nyekundu ili safu zijipange upya. Mimi nilikuelewa, ingawa waandika kama unahubiri. Baba alikasirika. "Mwambie nduguyo nilikuwa naipasha moto kabla hajazaliwa!"

Na kweli huipasha. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa.

Juzi nikaingia karakana kumvukutia moto. Akaitoa fedha kwa koleo, akaiweka juu ya fuawe. Nikamwambia, "Baba, hiyo bado." Akanijibu, "Imeiva, mwanangu. Huoni ilivyo nyekundu?"

Haikuwa nyekundu, Alawi. Ilikuwa vilevile kama ilivyoingia motoni. Nikamtazama machoni, nikaona ukungu. Akaanza kugonga, mkono wangu ukiwa bado juu ya mvukuto.

Nimemkasirikia kwa kuficha. Nimemkasirikia Mama, maana naona anajua. Hata wewe nimekukasirikia, uko mbali na vitabu vyako. Mjini wameanza kusema sonara kaishiwa mkono, na maneno hayo yamemfikia.

Kasoro ya fedha umenieleza, nami nimeielewa. Sasa nieleze, mdogo wangu: nimwambieje Baba kuwa haoni?

Mama na shangazi Mwaija wanakusalimu sana. Mola akuhifadhi ugenini, akurudishe kwetu salama.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Mize