Mfalme wa Kale na Jina la Binti Yangu

Mama yangu,

Jambo sana huko Bukavu. Goti lako limepoa? Unafika sokoni bila kupumzika njiani? Sisi huku Haltom City tuko wazima. Mtoto amenenepa, mashavu yote ni yako.

Bado namtunza yule mzee wa Kichina, Mwalimu Shen. Zamani alikuwa anachimba miji ya kale kwao, iliyofukiwa kabla Yesu hajazaliwa. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo mimi ndiye namshikia picha za vitu alivyochimba. Wiki iliyopita tukafika kwenye gamba la kobe lenye maandishi ya kuchonga. Akanieleza kwamba mfalme alikuwa analichoma, likipasuka anasoma nyufa, anapata majibu ya mababu. Kwenye gamba hilo mfalme aliuliza kama mke wake atajifungua vizuri.

"Akajifungua?" nikauliza.

"Ndiyo. Wakaandika kwamba haikuwa vizuri. Alikuwa msichana."

Mama, nilicheka mpaka mzee akashtuka. Ilikuwa sauti ya mama mkwe kabisa! Unajua kwao Amani jina la nyumbani linatolewa na mama wa baba. Mpaka leo amekataa kutoa. Kwenye makaratasi mtoto ni Grace, lakini nyumbani tunamwita "mtoto" tu, kama mgeni.

Basi Jumamosi nikamwambia Amani, twende. Tukaendesha gari mpaka Alief, kule Houston, anakokaa mama yake. Alimpokea mtoto kama mzigo wa jirani.

"Jina nimeliweka akiba," akasema. "Namngojea mwanaume."

Bwana wangu akaangalia viatu vyake.

"Mama," nikasema, "tangu wafalme wa China mnasema hayo hayo, hamjachoka?"

"Wafalme gani tena?"

"Yupo mmoja, mkewe alizaa msichana, akasema si vizuri. Mji wake ulifukiwa, watu wakalima juu. Na huyo mke alikuwa anaongoza jeshi! Kaburi lake wamelikuta limejaa silaha."

"Amerika imekuharibu kichwa."

"Kichwa kizima, Mama. Nirudishie mtoto wangu."

Njiani tukasimama kuingiza mafuta. Amani akauliza, "Sasa jina atampa nani?"

"Mama yangu."

"Kwetu haijafanyika."

"Itafanyika."

Jana nimemsikia Amani bafuni akimwogesha mtoto, analijaribu hilo jina polepole.

Mwalimu Shen nilimuuliza huyo msichana wa mfalme aliitwa nani. Akasema gamba halikuandika. Mama, wangu hatapotea hivyo. Jumapili ijayo mchungaji atambariki, na jina ni lako, Nabintu. Mama mkwe nimemwalika, akija kiti kipo, asipokuja ibada haitasimama. Wewe nakuomba kitu kimoja. Dada yangu, yaya Furaha, akikushikia simu, nami nikimwekea mtoto sikioni, mwite mwenyewe, alisikie kwanza kinywani mwako.

Nisalimie yaya Furaha aliyenibeba mgongoni, na mama mdogo anayeuza makala ya kupikia. Mwambie babu anayeimba kwaya aimbe kwa nguvu Jumapili, tutakuwa tunaimba pamoja.

Mimi binti yako,
Mama Nabintu