Maji Yaliyorudi

Giakanja, 9 Machi 2024

Mwanangu Kingori,

Habari ya Doha na joto lake? Sisi tuko salama, ila magoti yangu ni yale yale. Ile mashine uliyotununulia inafanya kazi. Asubuhi inajifungulia maji, inachanganya na mbolea, inanywesha nyanya zote kwenye greenhouse. Mimi nasimama mlangoni kama mgeni. Stima ikipotea inanyamaza, ikirudi inaendelea.

Dada yako Kabura amejifungua msichana, amempa jina langu. Maziwa yake ni kidogo, tunaongezea ya unga.

Mama yako, Wakonyo

Doha, 17 Machi

Mama mpendwa,

Namshukuru Mungu kwa Wakonyo mdogo. Huku niko mzima, ni kazi tu. Mwambie Kabura asihofu maziwa ya unga, bora maji yachemshwe vizuri. Nikija Desemba nitambeba mpaka mnikataze.

Mwanao, Kingori

Giakanja, 2 Aprili

Kingori,

Sijui nianzie wapi. Mtoto hayuko tena. Midomo yake iligeuka rangi ya wino, halafu kucha. Tulimkimbiza hospitali Nyeri. Daktari akauliza maji ya kuchanganya maziwa yanatoka wapi. Nikasema ni ya tangi la nyumba, ndilo pia linalolisha mashine ya mbolea, na tunachemsha kila mara. Akaniambia, "Mama, kuchemsha hakutoi mbolea, nayo huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba hewa." Alikufa jioni hiyo mikononi mwa Kabura.

Fundi aliyefunga mashine alikuja kuangalia. Ati ilifaa aweke valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma, akaikosa dukani, akaunganisha hivyo hivyo. Kila stima ilipopotea, maji ya mbolea yalirudi kwenye tangi la nyumba. Sisi wakubwa tuliyanywa, hatukuhisi kitu.

Tumemzika kando ya baba yako. Wewe izime hiyo mashine kwa simu yako. Mimi siwezi kuigusa.

Mama

Doha, 3 Aprili

Mama,

Poleni sana. Nimeizima. Nimeomba ruhusa nije, wamekataa. Kabura hashiki simu yangu. Tafadhali mwambie nalia naye.

Kingori

Giakanja, 28 Aprili

Kingori,

Natumaini uko na afya. Nilimsomea Kabura maneno yako. Aliuliza tu kama unakuja. Nikamwambia hujaruhusiwa. Akakunja nguo za mtoto, akaenda kukaa Kerugoya, na hataki nikuambie ni kwa nani. Nyanya zimekauka.

Kabla hajaondoka nilimpikia chai kwa maji ya mvua. Alishika kikombe mpaka kikapoa, akakirudisha mezani kikiwa kimejaa.

Mama yako